Kupanda kwa Gharama za Matibabu Tanzania na Swali la Nani Alipe

Kila mchungaji wa usharika analijua jambo hili kabla hajalisoma popote. Katika matangazo ya Jumapili husomwa jina la msharika aliyelazwa hospitalini, na baada ya jina hutajwa kiasi cha fedha. Zamani tangazo la mgonjwa lilikuwa ombi la sala. Siku hizi ni ombi la sala pamoja na mchango, na mara nyingine mchango ndio unaotangulia. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini imekuwa hivyo: kwa nini matibabu katika nchi yetu, ambayo kwa miaka mingi yalitolewa pasipo malipo, yamekuwa ghali, kwa nini yanazidi kuwa ghali hata pale ambapo hakuna mwizi wala mzembe, na ni njia zipi zimejaribiwa za kuugawana mzigo huo. Tunawaandikia watumishi wa Kanisa ambao wengi wao, kwa nafasi zao, ni wajumbe wa bodi za hospitali, au watakuwa hivyo siku moja. Huko wataombwa kupitisha ada za mgonjwa bila kuwa wamefundishwa uchumi hata saa moja.

Tulikotoka

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 hospitali zilikuwa chache, nyingi zikiwa mijini au katika vituo vya misheni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilielekeza nguvu zake vijijini. Zahanati na vituo vya afya vilijengwa, waganga wasaidizi na wauguzi wakafundishwa, na mwananchi akatibiwa katika vituo vya serikali bila kulipa. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku matibabu ya kibiashara, ingawa mashirika ya dini yaliruhusiwa kuendelea na kazi yao. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa siku hizo, yakatangaza kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote. Tanzania ilikuwa imekwisha kuianza njia hiyo.

Yafaa wanafunzi wetu wakumbuke kwamba fikra za Alma-Ata hazikutoka kwa madaktari na wanasiasa peke yao. Mwaka 1964, mjini Tübingen, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani waliitisha mkutano juu ya huduma ya uponyaji. Swali lililoulizwa pale ni iwapo uponyaji ni kazi ya wataalamu walio ndani ya majengo au ni kazi ya usharika mzima. Kutokana na mazungumzo hayo ilizaliwa Tume ya Kikristo ya Tiba mwaka 1968, na mawazo yake yalichangia mengi katika yale yaliyosemwa miaka kumi baadaye. Kanisa basi si mgeni katika mjadala huu.

Hata hivyo neno "bure" linahitaji kupimwa. Matibabu ya wakati ule hayakuwa bure kwa maana ya kwamba hayakugharimu kitu. Yalilipwa na kahawa, pamba, mkonge na korosho, kwa njia ya kodi, na yalilipwa pia na misaada ya nchi rafiki. Vyanzo hivyo vilipokauka, neno "bure" lilibaki lakini dawa zikatoweka. Kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kushuka kwa bei za mazao yetu katika soko la dunia, vyote viliiacha hazina ikiwa tupu. Wanaokumbuka hospitali za miaka ya themanini wanakumbuka mgonjwa aliyepewa kitanda bure, akapewa ushauri bure, kisha akapewa karatasi ya dawa isiyopatikana.

Mwaka 1986 serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilichapisha waraka ulioshauri nchi maskini kutoza ada katika vituo vya afya vya serikali, na mwaka huohuo mawaziri wa afya wa Afrika, wakiwa Bamako pamoja na UNICEF, waliafikiana kwamba wananchi wachangie gharama za dawa. Mwaka 1991 matibabu ya kibiashara yaliruhusiwa tena. Kuanzia mwaka 1993 uchangiaji ukaanza kwa awamu, kwanza katika hospitali kubwa.

Hospitali za Kanisa hazikupitia njia hiyohiyo. Nyingi zilitoza ada ndogo tangu mwanzo, na pengo lililobaki lilizibwa na vyama vya misheni vya ng'ambo. Haydom, kwa mfano, ilianza mwaka 1955 kwa juhudi za Walutheri wa Norway. KCMC ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Baadhi ya hospitali za Kanisa zilifanywa hospitali teule za wilaya, zikapewa ruzuku ya serikali ili zifanye kazi ambayo serikali ingepaswa kuifanya yenyewe mahali pale. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitiliana saini hati ya maelewano, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Tangu hapo hospitali ya Kanisa imesimama kwa miguu mitatu: ada ya mgonjwa, ruzuku ya serikali, na msaada wa marafiki. Mguu wa tatu umekuwa ukifupika mwaka hata mwaka.

Kwa nini gharama hazishuki

Watu wengi hudhani kwamba gharama hupanda kwa sababu ya ubadhirifu. Ubadhirifu upo, na haufai kufichwa. Lakini hata hospitali inayoongozwa na watu waaminifu kabisa itaona gharama zake zikipanda, na hilo linahitaji maelezo.

Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walichapisha uchunguzi wao juu ya gharama za sanaa za jukwaani. Walionyesha kwamba kikundi cha wanamuziki wanne wanaopiga kipande cha Beethoven leo kinahitaji watu walewale wanne na muda uleule kama ilivyokuwa siku za Beethoven mwenyewe, wakati viwandani mfanyakazi mmoja sasa hufanya kazi ya watu wengi wa zamani. Tukiuleta mfano huo kwetu tutaona jambo lilelile katika kwaya. Kiwanda cha nguo kikipata mashine mpya, mfanyakazi mmoja hutoa vitambaa vingi zaidi. Mshahara wake unaweza kupanda na bado kitambaa kikawa rahisi. Kwaya ya watu 40 haina mashine ya namna hiyo. Wimbo wa sauti nne hauwezi kuimbwa na watu kumi kwa robo ya muda. Kama wanakwaya wangekuwa watu wa mshahara, wangedai mshahara unaokaribiana na wa kiwandani, la sivyo wangeondoka. Basi wimbo ungezidi kuwa ghali ukilinganishwa na kitambaa, ingawa hakuna mwimbaji aliyekuwa mvivu.

Hospitali inafanana na kwaya kuliko inavyofanana na kiwanda. Mkunga anayekaa na mama mwenye uchungu usiku kucha hawezi kuzalisha akina mama kumi kwa wakati mmoja kwa kuwa tu ulimwengu umeendelea. Kidonda bado husafishwa kwa mikono. Tena hospitali za Kanisa zimeionja kanuni hii kwa uchungu. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilipandisha mishahara ya watumishi wa afya, jambo jema na la haki, na matokeo yake wauguzi wengi wakazihama hospitali za Kanisa na kwenda serikalini. Ili kuwabakiza waliosalia, bodi zilipaswa kupandisha mishahara; ili kupandisha mishahara, zilipaswa kupandisha ada. Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu tumewasikia washarika wakilalamika kwamba hospitali "imekuwa ya biashara", na mchungaji hakuwa na la kujibu.

Sababu ya pili ni kwamba magonjwa yenyewe yamebadilika. Mwaka 2000 wastani wa umri wa kuishi wa Mtanzania ulikuwa kama miaka 50. Sasa umepita 65. Hilo ni la kumshukuru Mungu, na ni tunda la chanjo, vyandarua na dawa za UKIMWI. Lakini mtu anayeokolewa na malaria akiwa mtoto huishi hata kufikia umri wa kisukari, shinikizo la damu na saratani. Dawa ya malaria humezwa kwa siku tatu na ugonjwa ukaisha; dawa ya kisukari humezwa mpaka kufa. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa huhitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa juma, yaani mara zaidi ya 150 kwa mwaka, na mwaka unaofuata huanza tena hesabu ileile. Hakuna familia ya mkulima inayoweza kuibeba hesabu hiyo kwa kuuza ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe wataisha na ugonjwa hautakwisha.

Aidha yapo matibabu leo ambayo zamani hayakuwapo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, na mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini. Hapo kabla wagonjwa wa namna hiyo walipelekwa India, na wengi zaidi hawakupelekwa popote. Mgonjwa aliyekufa nyumbani miaka ya themanini hakuigharimu hospitali kitu. Inatupasa kusema waziwazi kwamba sehemu ya "kupanda kwa gharama" ni bei ya watu kutokufa, na anayetamani kurudi katika gharama za zamani hana budi aulizwe kama anatamani pia kurudi katika makaburi ya zamani.

Jambo hili si la nchi maskini tu. Uingereza ilipoanzisha mfumo wake wa taifa wa matibabu mwezi Julai 1948, wako waliotarajia kwamba gharama zingepungua baada ya miaka michache, kwa kuwa watu wangekuwa wamekwisha kutibiwa. Yalitokea kinyume. Mwaka 1951 serikali iliamua kutoza malipo ya meno bandia na miwani, na Aneurin Bevan, mwasisi wa mfumo huo, akajiuzulu uwaziri. Miwani, hebu tufikiri, si upasuaji wa moyo.

Sababu nyingine tunaweza kuzipitia haraka. Dawa nyingi, vitendanishi vya maabara na mashine huagizwa nje kwa dola. Mwaka 2000 dola moja ilikuwa kama shilingi 800. Kufikia mwaka 2024 ilikuwa imepita shilingi 2,500. Hata kama kiwanda cha ng'ambo hakikuongeza senti moja, hospitali yetu ililipa mara tatu. Tena mashine iliyotolewa kama zawadi huja na fundi wake, vipuri vyake na umeme wake. Bodi nyingi zimeipokea mashine kwa shangwe na sala, kisha baada ya miaka mitatu zikaifunika kwa shuka.

Mwisho wa sababu hizi ni namna ya kulipa. Hospitali inapolipwa kwa kila kipimo na kila tendo, hupata zaidi inapofanya zaidi. Hatusemi kwamba madaktari huamua kwa ulafi. Lakini panapokuwa na shaka kati ya kupima na kutopima, na kupima kunalipa, mizani huelemea upande mmoja. Ukilipa kwa kichwa, yaani kiasi kimoja kwa mwaka kwa kila mtu aliyeandikishwa, mizani huelemea upande wa pili, na mgonjwa anaweza kunyimwa kilichomstahili. Hakuna njia ya kulipa isiyo na kishawishi ndani yake. Mwanatheolojia hatashangazwa na hilo.

Mlangoni pa hospitali

Uchangiaji ulipoanza, serikali iliweka misamaha. Akina mama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wagonjwa wa kifua kikuu na magonjwa mengine ya kudumu, na wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wote hawakutakiwa kulipa. Kwenye karatasi mpango huo ni mzuri. Ugumu ni kwamba msamaha ni ahadi inayotolewa na mmoja na kulipwa na mwingine. Hospitali inayomsamehe mgonjwa bado inapaswa kununua uzi wa kushonea na kumlipa muuguzi. Kama fidia ya serikali haiji, au inakuja mwaka unaofuata, hospitali huwa imemkopesha taifa bila kuulizwa. Na yule maskini asiyekuwa mjamzito, mtoto wala mzee, mkulima wa miaka 40 aliyevunjika mguu, anapaswa kuthibitisha umaskini wake kwa barua ya mtendaji wa kijiji, akiwa amelala kitandani mbali na kijiji hicho.

Hapa ndipo penye aibu yetu. Mgonjwa aliyepona huzuiwa wodini mpaka deni lilipwe, na kila siku ya kuzuiwa huongeza deni. Yamekuwapo pia maneno ya kuzuia maiti, na serikali imetoa maelekezo ya kukataza jambo hilo. Tumekaa katika kikao cha bodi ya hospitali moja ya Kanisa tukasikia madeni ya wagonjwa waliotoroka usiku yakisomwa pamoja na gharama za dizeli, na hakuna mjumbe aliyenyanyua kichwa. Lakini tumeona pia orodha ya mishahara ya hospitali hiyo isiyolipwa kwa miezi miwili. Anayemlaumu mganga mfawidhi kwa ukatili na amwonyeshe kwanza fedha za mishahara ziko wapi. Msamaria wa Injili ya Luka, tukumbuke, hakumwachia mwenye nyumba ya wageni mgonjwa peke yake. Alimwachia na dinari mbili, na akaahidi kwamba atakaporudi atalipa kilichozidi. Tumezoea kuhubiri juu ya mafuta na divai. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye ndiye hospitali, hatumhubiri, na hatuulizi ingekuwaje kama Msamaria asingerudi.

Sanduku lenye kufuli nne

Ipo habari katika historia ya Matengenezo ambayo huguswa kwa haraka darasani, nasi tunaona inastahili muda zaidi. Mwaka 1523 watu wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia, walipanga kuweka sanduku la pamoja. Luther aliuchapisha utaratibu wao akiutangulizia maneno yake mwenyewe. Mapato ya mali za kanisa yaliingizwa humo, na humo walilipwa wachungaji na mwalimu wa shule, wakatunzwa wagonjwa, wazee na yatima, na nafaka ikawekwa akiba kwa siku za njaa. Sanduku lilikuwa na kufuli nne zisizofanana, na funguo zilishikwa na makundi manne: makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mjini, na wakulima wa vijijini. Hakuna kundi lililoweza kulifungua peke yake. Tena, na hili ndilo tunalotaka msomaji alishike, mapato yakipungukiwa, kila kaya ilipaswa kutoa mchango wa kila mwaka kadiri ya uwezo wake. Haukuwa mchango wa hiari.

Bima ya afya ni sanduku la namna hiyo. Kwa nini haiwezi kuachwa iwe ya hiari tu? Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina kaya 100. Kila mwaka kaya 10 hupatwa na ugonjwa mkubwa, na kila moja hugharimu shilingi 240,000, jumla shilingi 2,400,000. Kaya zote zikitoa shilingi 30,000, sanduku litakuwa na shilingi 3,000,000, wagonjwa watatibiwa na akiba itabaki. Lakini ikiwa kujiunga ni kwa hiari, wenye afya watasema mvua haikunyesha vizuri, tutajiunga mwakani. Wenye mgonjwa ndani hawatasahau. Basi watajiunga watu wa kaya 30, zile 10 zikiwamo, na sanduku litapata shilingi 900,000 tu kwa gharama zilezile za shilingi 2,400,000. Ili lisivunjike, mchango utapandishwa uwe shilingi 80,000. Ndipo kaya 20 zenye afya zitakapoondoka, na zile 10 zitabaki kila moja ikitoa shilingi 240,000, yaani gharama yake mwenyewe. Sanduku limekwisha, na hakuna aliyeiba.

Historia yetu ya karibu imelifuata somo hilo hatua kwa hatua. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mchango wake ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mtumishi na nusu na mwajiri, na ulimhudumia mtumishi, mwenzi wake na wategemezi wanne. Kwa kuwa mchango ulikatwa kabla mshahara haujamfikia mwenyewe, hakuna aliyengoja mpaka augue, na mkurugenzi alichangia zaidi ya mhudumu huku wote wakiwa na haki ya kutibiwa. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga katikati ya miaka ya tisini na kupata sheria mwaka 2001, ulikuwa wa hiari na ulilenga vijijini. Ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu sita ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Ulipata wanachama, lakini haukuwahi kuwakusanya wananchi wengi kiasi cha kutosha. Bima ya watoto iliyojulikana kama Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilipendwa sana na wazazi. Walioikimbilia zaidi walikuwa wazazi wa watoto wagonjwa, kama ambavyo mzazi yeyote angefanya, na mwaka 2023 Mfuko uliacha kusajili watoto mmojammoja. Wazazi walilia, na kilio chao kilikuwa cha haki; hesabu nayo ilikuwa hesabu.

Mwaka huohuo wa 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kusudi lake ni kumwingiza kila mkazi katika sanduku, na kwa wale wasio na uwezo inatajwa kwamba serikali itawalipia kwa vyanzo kama ushuru wa soda, vileo na vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Kwamba chupa ya bia itamlipia ajuza asiye na watoto ni jambo ambalo wahubiri wetu wa kiasi watapaswa kulitafakari kwa utulivu.

Wako ndugu wanaosema kwamba mchango wa kulazimishwa si upendo, na kwamba Kanisa lishughulike na sadaka ya hiari peke yake. Hoja hiyo ina unyofu ndani yake, lakini tunaona imechanganya tawala mbili ambazo Luther alituonya tusizichanganye. Sheria haiwezi kuuumba upendo moyoni. Inaweza hata hivyo kuhakikisha kwamba mguu wa jirani unatibiwa hata kama mlipaji ananung'unika, na mguu uliotibiwa kwa fedha za mnung'unikaji hupona vilevile. Katika barua yake ya mwaka 1527 juu ya tauni, Luther hakuona kuna mgongano kati ya serikali kutunza hospitali na Wakristo kuuguzana majumbani. La pili lilikuwa la lazima hasa pale ambapo la kwanza halikuwapo. Tena changizo zetu za Jumapili, pamoja na uzuri wake, huwafikia wanaojulikana. Mwalimu mstaafu mwenye ndugu usharikani hupata lakini tatu kwa asubuhi moja. Kibarua aliyehamia juzi husomewa jina lake vibaya na kupata sarafu.

Lakini sanduku la Leisnig lina sehemu ya pili ya habari. Baraza la mji halikukubali kuziachilia mali ilizotakiwa kuzikabidhi, na Luther akabaki akilalamika. Kuandika utaratibu ni kazi ya juma moja. Kumfanya mwenye ufunguo aufungue mlango ni kazi nyingine. Tarehe 1 Machi 2024 Mfuko wa Taifa ulianza kutumia orodha mpya ya bei, na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wenye kadi zikisema bei hizo hazitoshi. Mtunza sanduku anataka bei ndogo ili sanduku lidumu. Hospitali inataka bei inayolipa gharama. Na mgonjwa mwenye kadi mkononi husimama katikati. Kwa hospitali za Kanisa, ambazo sehemu kubwa ya mapato yake sasa hutokana na kadi za bima, dai likicheleweshwa kulipwa ni mshahara wa muuguzi uliocheleweshwa. Na mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona kwa ghafla ni kiasi gani cha matibabu ya UKIMWI, ambayo tangu 2003 yalitegemea sana fedha hizo, hakikuwa katika hesabu zetu kabisa. Gharama ambayo haikuonekana ilikuwapo siku zote. Mwenye kuilipa alikuwa mbali.

Kwa hiyo bodi za hospitali zetu zina kazi ambayo haingoji serikali. Zinaweza kudai kuonyeshwa kila robo mwaka ni kiasi gani cha misamaha kimetolewa na nani amekilipia, badala ya kukizika chini ya neno "hasara". Zinaweza kukataza kuzuia wagonjwa waliopona, mradi zikubali pia kutafuta fedha za kulifidia katazo hilo, maana katazo lisilo na fedha ni msamaha mwingine wa kulipiwa na wengine. Dayosisi inaweza kuamua kwamba sehemu ya sadaka ya diakonia ilipie kadi za bima wakati watu wakiwa wazima, kuliko kungoja tangazo la Jumapili.

Kazi ya mwisho ni ndogo kuliko hizo, na ndiyo iliyo karibu zaidi na mchungaji. Sheria inasema wasio na uwezo watalipiwa, na wasio na uwezo hao watapaswa kuandikwa majina. Orodha itaanzia kijijini na mtaani, katika vikao ambavyo mwenye sauti husikika kwanza, na si ajabu akaandikwa shemeji wa mjumbe mwenye duka. Mwinjilisti wa mtaa anazijua nyumba ambazo hazitatajwa: ya bibi anayelea wajukuu wanne, ya kijana mwenye kifafa anayeishi na mama yake, ya yule aliyeacha kuja ibadani kwa sababu hana nguo. Majina hayo yanapaswa kufika katika kikao cha kijiji baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi ya kusikilizana, na mchungaji awe amekaa pale kwenye benchi yanaposomwa.